Wabhojpuri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikaa Doha miaka sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nililala chumba kimoja na wanaume watatu kutoka Siwan, wilaya ya jimbo la Bihar huko India. Niliporudi Tanga nilikuja na maneno yao mdomoni, mapishi yao mawili, na hamu ya kuwasoma ambayo haijaniisha hadi leo. Hapa nimekusanya maswali ambayo ndugu, marafiki na hata watu nisiowajua huniuliza zaidi.

Wabhojpuri ni Wahindi gani hao?

Ni watu ambao lugha yao ya mama ni Kibhojpuri. Hawaunganishwi na dini wala ukoo. Wengi ni Wahindu wa kila tabaka, kuanzia makuhani hadi wafua nguo, na Waislamu nao si haba, hasa katika miji ya wafumaji kama Mau na Banaras (kwenye ramani utaiona kama Varanasi). Chumbani kwetu mmoja alikuwa Mwislamu na wawili Wahindu. Usiku wakianza kupiga soga kwa lugha yao, usingeweza kujua yupi ni yupi.

Jina limetokana na Bhojpur, mahali pa kale karibu na mji wa Dumraon, jimbo la Bihar, palipokuwa makao ya watawala wa Kirajputi. Lugha ikabeba jina la mahali, kama sisi tunavyosema Kiunguja na Kimvita.

Kwao ni wapi hasa?

Tafuta mto Ganga kwenye ramani ya India, kisha uufuate kutoka Banaras kuelekea mashariki hadi unakaribia Patna. Kaskazini na kusini mwa mto huo ndiko kwao. Upande wa Bihar kuna wilaya za Bhojpur, Buxar, Rohtas, Saran, Siwan, Gopalganj na Champaran zote mbili. Upande wa Uttar Pradesh kuna Ballia, Ghazipur, Mau, Deoria, Gorakhpur na Banaras yenyewe. Wapo pia kwenye pembe ya Jharkhand, na ukivuka mpaka wa Nepal utawakuta kuzunguka mji wa Birgunj.

Nchi yote hiyo ni tambarare. Siku moja nilimwonyesha mwenzangu picha ya milima ya Usambara, akaniuliza kama kweli watu wanalima kule juu au wanapanda tu kutazama. Kwao ni mpunga, ngano, miwa na dengu, kwenye udongo unaoletwa na mito ya Ganga, Ghaghara, Gandak na Son. Mito hiyo hiyo hufurika wakati wa mvua kubwa na kumeza vijiji. Ardhi ina rutuba, watu ni wengi mno, na shamba linalogawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi hubaki kipande kisicholisha nyumba.

Kibhojpuri ni lugha, au ni lahaja ya Kihindi?

Ni lugha. Naliweka jibu mbele kwa sababu hili ndilo linalowauma wenyewe.

Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wa Kibhojpuri zaidi ya milioni 50. Lakini katika majedwali ya serikali idadi hiyo imewekwa chini ya Kihindi, kana kwamba Kibhojpuri ni chumba kimoja katika nyumba ya mwingine. Katiba ya India ina orodha ya lugha 22 zinazotambuliwa. Kimaithili, jirani yake wa huko huko Bihar, kiliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2003. Kibhojpuri kimebaki nje, ingawa wabunge wao wamelisemea jambo hilo mara nyingi.

Wataalamu wa isimu wanakipanga Kibhojpuri pamoja na Kimaithili na Kimagahi, kundi ambalo asili yake iko karibu zaidi na Kibangla kuliko Kihindi cha Delhi. Hata mwandiko wao wa zamani, uitwao Kaithi, haukuwa ule wa Kihindi. Makarani na wenye maduka waliutumia kwa hesabu na hati za mashamba, kabla mwandiko wa Kihindi haujachukua nafasi yake shuleni na ofisini.

Sikiliza tofauti zenyewe. Mhindi wa Delhi akisema *hum* ana maana ya "sisi". Mbhojpuri akisema *hum* ni "mimi". Kusema "ninakwenda", wa Delhi atasema *main ja raha hun*, na wa Siwan atasema *hum jaat bani*. Wana neno *raura*, la kumwambia mtu "wewe" kwa heshima, ambalo Kihindi hakina. Mtu wa Tanga atanielewa nikisema hivi: kumwambia Mbhojpuri kwamba lugha yake ni Kihindi kilichoharibika ni sawa na kumwambia Mdigo kwamba anasema Kiswahili kibovu.

Wenzangu walisoma shule kwa Kihindi na kuchapwa kwa kuchanganya na lugha ya nyumbani. Hadi leo, mtu wa ofisini akipiga simu wanabadilika hata sauti.

Wahindi wa Dar, Mombasa na Kampala ni Wabhojpuri?

Hapana, na hili huwachanganya wengi. Wahindi tuliowazoea Afrika Mashariki asili yao ni magharibi na kaskazini-magharibi mwa India ya zamani: Gujarat, Kutch, Punjab na Goa. Hata vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 walitoka hasa Punjab na kupandia meli Karachi. Wabhojpuri walipandia meli upande wa pili wa India, bandari ya Calcutta, wakaenda kwingine.

Hata hivyo tunashirikiana maneno. *Jahazi* letu na *jahaj* yao ni neno moja lililotoka Uarabuni. *Laki* na *gari* tuliyapata India. Na *kuli*, tunayemwita hivyo bandarini mpaka leo, ndilo neno walilopachikwa Wabhojpuri kwenye makaratasi ya Waingereza, na kwao limebaki tusi.

Kwa nini waliondoka kwao?

Hapa inabidi tuanzie pwani yetu wenyewe. Kisiwa cha Mauritius kilipokuwa cha Wafaransa, mashamba yake yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitoka Msumbiji, Kilwa na bara lililo nyuma yake. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Baadaye Waingereza wakakichukua kisiwa, na tarehe 1 Februari 1835 utumwa ukafutwa. Waliokuwa watumwa hawakutaka tena kuinamia miwa ya bwana, na wenye mashamba wakaanza kutafuta mikono mingine.

Waliipata India. Hata kabla ya siku hiyo kufika, tarehe 2 Novemba 1834, meli ya *Atlas* ilishusha Port Louis vibarua 36, na mfereji ukawa umefunguliwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Mauritius peke yake ilikuwa imepokea watu wapatao 450,000. Guyana ilianza 1838 na kupokea karibu 239,000. Trinidad ilianza 1845, kama 144,000. Suriname, koloni la Waholanzi, ilianza 1873, watu 34,000 hivi. Fiji ilianza 1879, watu 60,000 na ushei. Si wote walikuwa Wabhojpuri, maana walikuwamo Watamil, Watelugu na wengine, lakini katika nchi hizo tano waliotoka bonde la Ganga ndio waliokuwa wengi.

Nyumbani walisukumwa na mengi: kodi ya ardhi, njaa, nguo za viwanda vya Uingereza zilizoua kazi ya wafumaji, na kisasi cha Waingereza baada ya vita vya 1857, Wahindi walipowaasi, ambavyo Bhojpur ilishiriki mstari wa mbele. Wakala wa kuandikisha watu, wao humwita *arkati*, alizunguka masokoni na kwenye vituo vya hija akitafuta mwenye shida. Mauritius aliiita Mirich. Trinidad ikawa Chinidad, na *chini* kwao ni sukari. Suriname ikageuzwa Sri Ram, jina la mungu wao, ili mkulima aone kama anakwenda kuhiji. Kisha dole gumba linawekwa kwenye mkataba wa miaka mitano. Neno la Kiingereza la mkataba likapindwa likawa *girmit*, na aliyeufunga akawa *girmitiya*.

Safari ya kwenda Karibi kwa matanga ilichukua miezi mitatu au zaidi. Ndani ya meli haikuwezekana kutenganisha sufuria za tabaka la juu na la chini, wala kukataa maji aliyoyagusa fulani. Waliosafiri pamoja wakaitana *jahaji bhai*, ndugu wa jahazi, na undugu huo ulihesabiwa kama wa damu: watoto wa ndugu wawili wa jahazi hawakuozana.

Sheria ilitaka wanawake 40 kwa kila wanaume 100. Wengi wa wanawake hao walikuwa wajane, walioachwa, au waliokimbia nyumba zisizokalika. Ningependa wasomaji wawafikirie hao kabla ya kufikiria wanaume, kwa sababu hadithi, nyimbo na mapishi yaliyovuka bahari yalikuwa vichwani mwao.

Uandikishaji ulisimamishwa 1917 na mikataba iliyobaki ikafutwa 1920.

Je, huo haukuwa utumwa kwa jina jingine?

Wako wanaosema hivyo, na ninaelewa kwa nini. Kibarua aliyetoka nje ya shamba bila cheti alikamatwa kama mzururaji na kufungwa. Mauritius ilikuwa na utaratibu wa kukata mara mbili: ukikosa kazi siku moja unakatwa mshahara wa siku mbili, hata kama ulikuwa mgonjwa.

Mimi sisemi ni kitu kimoja. Mkataba ulikuwa na mwisho, mtoto wa kibarua hakuzaliwa mali ya mtu, na waliomaliza waliweza kununua ardhi. Na kuna jambo la karatasi, ambalo nitalirudia mwisho. Mauritius yenyewe inakumbuka yote mawili. Gati walikoshukia Wahindi, Aapravasi Ghat, liliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mlima wa Le Morne, walikojificha watumwa waliotoroka, ukaingia 2008.

Afrika Kusini nako wapo?

Wapo, ila kwa uchache. Natal ilipokea Wahindi wapatao 152,000 kati ya 1860 na 1911, na wengi wao walitoka Madras, kusini mwa India. Waliopitia Calcutta ndio waliokuja na Kibhojpuri.

Sisi tuna ndugu katika hadithi hiyo. Kuanzia 1873 Waingereza walipeleka Durban mamia ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa katika bahari yetu, wengi wao Wamakua. Waliitwa Wazanzibari, na wakafungishwa kazi kwa mikataba kama ile ya Wahindi. Wakati wa ubaguzi wa rangi serikali iliwaandika "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Vizazi vyao wapo hapo hadi leo.

Waliobaki vijijini walikuwaje?

Walingoja. Katika nyimbo za wanawake wa Kibhojpuri mume ni mtu wa barua, na treni ni mke mwenza aliyemchukua. Aliyeliweka jambo hilo jukwaani ni Bhikhari Thakur, kinyozi wa kijiji cha Qutubpur wilayani Saran, aliyezaliwa 1887 na kufariki 1971. Hakusoma sana. Aliunda kundi la maigizo lililozunguka vijijini, na mchezo wake mkuu, *Bidesiya*, unahusu mwanamume aliyekwenda kutafuta kazi Calcutta na mke aliyeachwa mlangoni. *Bidesiya* ni mtu aliye ugenini. Siku hizi neno hilo ni jina la aina nzima ya maigizo.

Kungoja hakujaisha. Siwan na Gopalganj leo ndiyo wilaya za watu wa Ghuba: Saudia, Qatar, Imarati, Kuwait. Nakumbuka ile miezi mitatu kampuni yetu ilipochelewesha mishahara. Mwenzangu wa kitanda cha juu alimwambia mkewe kwenye simu kwamba benki ina matatizo, kisha akazima taa na kukaa gizani bila kulala. Tulikula *sattu* yake wiki nzima.

Sattu ni nini? Na wanakula nini kingine?

Sattu ni dengu zilizokaangwa kwenye mchanga wa moto hadi zikanukia, kisha zikasagwa. Haihitaji kupikwa. Unakoroga vijiko vitatu kwenye maji, unatia chumvi, limau na kitunguu kilichokatwakatwa, unakunywa na kwenda kazini. Mama wa yule rafiki yangu alimfungia kilo tano kwenye begi kila alipotoka likizo.

Fahari yao ni *litti-chokha*. Unga wa ngano usiokobolewa unakandwa mgumu kidogo. Pembeni unachanganya sattu na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, limau, mafuta ya haradali na kijiko cha mafuta ya achari ya embe. Huo wa mafuta ya achari usiuache, ndio unaoleta ladha. Unafinyanga donge kama la chapati, unalitoboa kwa kidole gumba, unajaza, unafunga kama unavyofunga kibumba. Kijijini huokwa kwenye moto wa samadi kavu ya ng'ombe, hadi litti inapasuka ufa na kuungua madoa meusi. Unaikung'uta majivu, unaichovya kwenye samli. Chokha ni biringanya, nyanya na viazi vilivyochomwa na kupondwa kwa mkono pamoja na haradali. Sisi tuliokea kwenye wavu juu ya jiko la gesi, na kila mara waliniomba radhi kwamba haijawa yenyewe. Mimi nilimaliza sita.

Kule Mauritius mkate wao wenye dengu ndani, *dholl puri*, unauzwa kila kona ya barabara na kuliwa na watu wa kila asili.

Chhath ni sikukuu gani?

Ni ibada ya jua, siku ya sita baada ya Diwali, Oktoba au Novemba. Inachukua siku nne. Anayefunga, mara nyingi mama wa nyumba, hukaa karibu saa 36 bila chakula wala tone la maji. Jioni ya siku ya tatu anaingia mtoni hadi kiunoni, ameshika ungo wa mwanzi wenye ndizi, nazi, muwa na vitumbua vikavu vya ngano na sukari guru viitwavyo *thekua*, akaliaga jua linalozama. Alfajiri anarudi pale pale, anasimama kwenye maji baridi akilisubiri lichomoze. Hakuna kuhani wa lazima, kila mtu anatoa sadaka yake mwenyewe.

Mwimbaji Sharda Sinha, ambaye sauti yake ndiyo Chhath yenyewe kwa mamilioni ya watu, alifariki tarehe 5 Novemba 2024, siku ya kwanza ya sikukuu hiyo. Nilikuwa nimesharudi Tanga. Wenzangu wa Doha walinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nikasikia wimbo wake ukipigwa kambini.

Ng'ambo bado wanaisema lugha yao?

Inategemea wapi. Suriname imezaa Kisarnami, kilichotokana na Kibhojpuri na ndugu zake, na baada ya uhuru wa 1975 wasemaji wengi walikihamishia Uholanzi, hasa The Hague. Fiji ina Kihindi chake kilichochanganyika vivyo hivyo. Trinidad na Guyana imebaki kwenye nyimbo, majina ya vyakula na ya ndugu: *aaji* ni bibi mzaa baba, *nani* ni bibi mzaa mama. Mauritius, sensa ya 2011 ilionyesha asilimia 5 hivi tu wanaokisema nyumbani, wengine wamehamia Krioli. Ila wanawake wake wana *geet-gawai*, nyimbo za mkesha wa harusi, ambazo UNESCO iliziorodhesha kama urithi mwaka 2016.

Nitajie watu wao mashuhuri.

Kunwar Singh wa Jagdishpur, aliyepigana na Waingereza 1857 akiwa na umri wa karibu miaka 80. Rajendra Prasad, rais wa kwanza wa India, mzaliwa wa Ziradei, Siwan. Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu wa kwanza wa Mauritius huru, ambaye baba yake alitoka kijiji cha Harigaon. Na Bismillah Khan, mpiga zumari wa Dumraon, Mwislamu aliyeswali na kisha akapiga zumari lake kwenye mahekalu ya Banaras maisha yake yote.

Nikikutana na Mbhojpuri, nimsalimie vipi?

Kwa rika lako sema *ka haal ba?*, yaani u hali gani, na atajibu *thik ba*. Kwa mzee sema *gor laagatani*. *Gor* ni mguu. Maana yake ni "nashika miguu yako". Nilipoelezwa hivyo nilicheka kwa furaha, nikawaambia kwamba na sisi wazee wetu husema shikamoo ilianza hivyo hivyo. Mzee atakujibu *jiyat raha*, uishi.

Mtu wa Mauritius anaweza kukijua kijiji alikotoka babu yake?

Mara nyingi ndiyo, na hii ndiyo karatasi niliyoitaja. Kila girmitiya aliandikwa jina, jina la baba, umri, tabaka, wilaya, kijiji, urefu na alama za mwilini. Vitabu vya Mauritius vimehifadhiwa katika taasisi ya Mahatma Gandhi, Moka. Ndivyo Kamla Persad-Bissessar, akiwa waziri mkuu wa Trinidad, alivyoweza kufika Bhelupur wilayani Buxar mwaka 2012 na kulia mbele ya jamaa zake. Waliotoka Kilwa hawana karatasi hiyo. Wengi wao waliandikwa "Mozambique" tu, hata aliyetoka mbali sana na huko, na jina jipya la Kifaransa.

Mwenzangu wa kitanda cha juu ana hadithi ya nyumbani, kwamba ndugu wa babu wa babu yake alikwenda Mirich na hakurudi. Kabla sijaondoka Doha tulikaa chini tukaandika: jina, jina la baba, kijiji, wilaya ya Saran, maana wakati ule Siwan ilikuwa ndani ya Saran. Mwaka hatukuujua. Alama ya mwilini alimpigia simu mama yake kuuliza, na mama akasema aliambiwa alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Tukaliandika kovu pia.